Kichwa cha Nne

Jawabu lilikataa kutulia. Lilikaa kidogo kwenye ukuta wa chumba cha mazoezi, likawatazama wote wanne kama mbuzi aliyekata kamba, kisha likaruka tena. Nyuzi joto kumi na mbili. Nyuzi arobaini. Nyuzi sita chini ya sifuri. Swali lenyewe lilikuwa la ghala la viazi: unapewa ghala, unapewa baridi ya Njombe nje, unapewa joto la viazi ndani, maana viazi navyo vinapumua, halafu unatakiwa useme ni kona ipi itakayoanza kuoza. Kwa jinsi namba zilivyokuwa zinarukaruka, viazi vya ghala hilo vilikuwa vimeshaiva, vimeganda, na vimeiva tena.

"Nani anacheza?" Batuli aliuliza, akavua kilemba.

Kilemba hicho si cha bwana harusi. Ni utepe mweusi wenye nyaya laini kama nywele za mahindi, na jina lake la kiserikali ni refu hivi kwamba hata aliyelitunga lazima alipumzika katikati. Tangu mashine kubwa za kukokotoa zizimwe, kwa kuwa zilikuwa zinameza umeme na maji kuliko miji zilimokuwa, nchi ilihamishia hesabu zake kwenye vichwa vya watu, ambavyo vikipewa chai na kiporo vinafanya kazi. Mnavaa wanne. Swali linakatwa vipande, kila kichwa kinapewa chake, halafu vichwa vinapelekeana majibu, vinarekebishana, vinapelekeana tena, mpaka vikubaliane. Hapo ndipo jawabu linapotulia ukutani na kuwa la kijani. Zamu za maji ya mabomba, mvua za msimu, dawa kiasi gani kwa mgonjwa yupi, yote yalikuwa yanatoka kwenye vilemba. Na wavaaji walikuwa wanapikwa hapo hapo, Chuo Kikuu cha Nyandajuu, kwenye shahada ya Hesabu Tumizi na Ukokotozi.

Batuli wa Kilwa ndiye aliyekuwa injini ya kundi. Msichana huyu alikuwa anaona mlinganyo kama wengine wanavyoona sura ya shangazi yao: anautambua kwa mbali na anajua una tabia gani. Masalu wa Maswa alikuwa mtu wa majedwali marefu ya namba, mpole, hachoki, hakosei, haongei. Aidani Mligo, mwenyeji wa Makambako, alikuwa na kasi, na mdomo wenye kasi zaidi. Wa nne alikuwa Lusajo.

Lusajo alikuwemo kwa desturi. Kazi yoyote ya kundi, tangu enzi za karatasi, lazima kuwe na mmoja ambaye mchango wake ni kuandikwa jina kwenye jalada. Hamumwandiki kwa sababu amefanya kitu. Mnamwandika kwa sababu ni mwenzenu, kwa sababu Masalu alipoumwa homa ya matumbo mwaka wa kwanza yeye ndiye aliyemfulia mashuka, kwa sababu analeta chapati za moto na anajua mtihani umehamishiwa ukumbi gani. Hesabu zilikuwa hazimkubali, lakini kanuni ilitaka vichwa vinne, na kichwa alikuwa nacho. Aidani alikuwa amempa jina la Abiria, mwenyewe akalipokea kama zawadi.

Sasa Abiria alikuwa amenyoosha mkono taratibu, kama yuko darasa la tatu.

"Labda ni mimi," alisema. "Nilikuwa najaribu kufuata."

"Kufuata nini?"

"Hesabu. Nilitaka kuelewa kwa nini kona ile ya kaskazini inapoa kabla ya nyingine."

Masalu, ambaye haongei, alicheka. Batuli hakucheka, ila alimshika bega kwa upole ambao mtu humshikia mgonjwa. "Lusajo kaka yangu, nakuomba. Usifikiri. Wewe tulia tu."

Aidani akaongeza kwamba abiria akitaka kushika usukani, ni haki ya dereva kushuka. Lusajo naye akacheka, maana alikuwa mchekaji mzuri, akavaa kilemba chake, akatazama ukungu dirishani, akajiachia. Jawabu lilitulia papo hapo. Nyuzi nane, kona ya kaskazini, kijani kibichi kabisa.

Wakati wa kutoka, Lusajo alisimama mlangoni na mfuko wa chapati mkononi, akauliza hizi ni za nani. Wakacheka mpaka ngazini.

*

Aidani na Lusajo waliishi chumba kimoja, kwenye bweni la juu kabisa ambako ukungu ulikuwa unaingia bila kubisha hodi. Jumamosi mchana Aidani alikuwa anafua soksi huku akizilaumu soksi hizo, simu ya Lusajo ikaita kitandani. Lusajo akaiangalia mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Pokea basi. Au umeoa bila kutuambia?"

Lusajo aligeuza simu ili mwenzake aone kioo. "Aidani, huyu Dada Nsia ni nani?"

Majibu yalijipanga kwenye ulimi wa Aidani, akafungua mdomo achague lenye kuchekesha zaidi. Dada Nsia ndiye aliyemlea Lusajo tangu mama yao afariki. Ndiye aliyemleta siku ya kuripoti, amebeba mkungu mzima wa ndizi kutoka Tukuyu, akamkabidhi kwa wenzake kama anayekabidhi mtoto chekechea. Kila wiki alikuwa anapiga, na kila wiki Lusajo alikuwa anatoka nje ya chumba ili wasimsikie anavyodeka. Chuo kizima kilimjua Dada Nsia.

Kisha Aidani akautazama uso wa Lusajo, na utani wote ukamkauka. Hakukuwa na mzaha pale. Kulikuwa na adabu, ile ya mtu anayeuliza njia katika mji wa watu.

"Ni dada yako," alisema.

"Ahaa." Lusajo akapokea. Akaamkia vizuri, akajibu kila alichoulizwa, akashukuru. Alizungumza kama anayezungumza na mkuu wa wilaya.

Soksi zilibaki kwenye ndoo. Aidani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na kitu alichokuwa amekikariri tangu mwaka wa pili kikamrudia kwa njia mbaya. Ukigawa chapati moja kwa watu watatu, chembe zinabaki sahanini. Hesabu za kilemba nazo ndivyo zilivyo. Jibu la Batuli na jibu la Masalu hayakutani sawasawa, kunabaki kitu katikati, na mfumo hauwezi kukitupa, kwa sababu ukikitupa jawabu linakuwa la uongo. Lazima ukishikilie mahali mpaka raundi ijayo. Kitabu kinasema mabaki *huhifadhiwa penye nafasi*. Aidani aliuandika mstari huo kwenye jaribio, akapata alama zote, na hakuwahi kujiuliza penye nafasi ni wapi.

Waliotengeneza kilemba walidhani vichwa vyote vinne vitakuwa kazini. Mabaki yangegawanyika, kila mmoja angelala na uzito kidogo wa kichwa, angeamka mzima. Hawakuwahi kusikia habari ya kumwandika rafiki kwenye jalada. Hawakujua kwamba kutakuwa na kichwa kimoja kilichokaa bure kwa hisani ya wenzake, na mfumo, ambao haujui hisani ni nini, utakiona ni ghala tupu na kuyapakia humo mabaki yote, juu ya kumbukumbu zake.

Alitaka kuamini anajitisha mwenyewe. Kwa hiyo Jumatatu, kabla ya mazoezi, alimvuta Lusajo pembeni akamwomba kitu kidogo: wakishavaa, aimbe kimoyomoyo ule wimbo wa kwaya yao ya Tukuyu, mwanzo mpaka mwisho, bila kuacha. Lusajo hakuuliza kwa nini. Akaimba, na jawabu likarukaruka ukutani mpaka Batuli akapiga meza. Aidani akampa ishara anyamaze. Likatulia.

Walipotoka alimwuliza ubeti wa pili unaanzaje.

"Wa wimbo gani?" Lusajo alisema.

*

Dakta Mahenge, mhadhiri wao wa vilemba, alimpokea Aidani vizuri, akamkaribisha kiti, akamsikiliza huku akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Alisema msimu wa mitihani kila mtu anasahau, hata yeye juzi alivaa viatu visivyolingana. Alisema mfumo umepimwa na kuthibitishwa. Aidani alipomwekea mahesabu yake mezani, aliyapitia yote, akasahihisha alama moja ya kutoa, na akakiri kwamba ndiyo, kwa kundi lenye mzigo usio sawa, mabaki yataegemea upande mmoja.

"Lakini kwa kundi zima," alisema, "yako ndani ya kiwango kinachovumilika."

"Kinachovumilika na nani, Dakta?"

Hapo chai ilikorogwa tena. Akamwambia kama ana malalamiko ayaandike, yatakwenda kwenye kamati, na kamati inakaa baada ya mitihani. Kisha akamshauri, kwa sauti ya mama, asiharibu mwaka wake wa mwisho kwa jambo ambalo mwenyewe mhusika hajalilalamikia. Mhusika hajalilalamikia! Aidani alitoka pale akitamani kupiga teke kitu, akapiga teke mlango wa choo, mlango ukafunguka, na mhadhiri mwingine akamwomba aufunge.

Siku zilizofuata hakufanya utani na mtu. Alijaribu kuyafuta mabaki: jawabu likaja haraka, zuri, la kijani, na likasema viazi vitaota majani ndani ya ghala gizani. Alijaribu kuyagawa kwa wanne: mfumo ukayakusanya tena ukayarudisha kule kule, kama maji yanavyotafuta bonde. Alijaribu kupunguza ukubwa wa hatua ili mabaki yawe membamba: yakawa membamba kweli, ila hesabu ingeisha mwaka ambao wao wana wajukuu. Kila alipoyafukuza kona hii yalimchungulia kona ile. Miaka yote alikuwa akijisifu kwamba hakuna swali la kukokotoa lililowahi kumlaza na viatu. Hili lilimlaza na viatu, na madaftari tumboni.

Ikabidi awaambie wenzake. Aliwakuta Batuli na Masalu nyuma ya kantini, pale wanapoanika majani ya chai, akawaeleza yote. Masalu alisikiliza akiangalia mikono yake. Batuli aliuliza maswali, na ubaya wa Batuli ni kwamba maswali yake huwa ni yale yale unayoogopa.

Aliuliza kama kuna kichwa kingine cha kuweka mahali pa Lusajo. Hakukuwa na kichwa, makundi yalishafungwa. Aliuliza, wakipokezana kukaa bure, Lusajo atakokotoa kipande cha nani. Hakuweza kukokotoa cha mtu yeyote, na kumfundisha hesabu za miaka mitatu kabla ya mtihani wa Alhamisi ni sawa na kumfundisha kuku kuogelea ukiwa umeshamtupa ziwani. Aliuliza wakikosa kutuliza jawabu nini kitatokea, ingawa jibu alilijua. Kundi hufaulu pamoja na kudisko pamoja, na kudisko, kwa asiyejua, ni kufukuzwa chuo bila muziki wowote kupigwa.

"Kituo cha mvua kinanisubiri mimi," alisema mwishoni. "Unakumbuka mafuriko ya kwetu. Mimi nikiwa pale, watu wataambiwa mapema wahame. Hayo nayo yapime kwenye mizani yako, Aidani."

"Nimeyapima."

"Na?"

"Hayatulii."

"Basi mwulize mwenyewe," Masalu alisema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza, na ilikuwa ya haki, na Aidani alimchukia kwa hilo.

Alimwuliza. Alimweleza Lusajo jioni ile chumbani, polepole, kwa chembe za chapati, bila kumficha kitu. Lusajo alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba kwa kweli alikuwa ameshahisi kama kuna mtu anahamisha vyombo ndani ya kichwa chake, na alifurahi kujua kwamba si kichaa.

"Sasa Alhamisi nitatulia," alisema.

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa vizuri sana. Mara moja tu imebaki. Wewe hesabu unazo, Aidani, ukifukuzwa leo kesho utakuwa unawafundisha watoto wa watu. Mimi nina nini? Dada ametangaza Tukuyu nzima kwamba nasoma hesabu za vilemba. Nikirudi bila cheti nitamwambia nini?"

"Ukirudi nacho," Aidani alisema, "hutajua ni nani unayempa."

Lusajo aligeukia kitanda. Akanyoosha shuka lake, akalikunja kona, akalinyoosha tena. Kisha akasema kichwa ni chake, na hakumbuki kumkabidhi mtu.

*

Alhamisi asubuhi ukumbi ulikuwa na baridi ya kukuonyesha pumzi yako. Makundi yalikaa kwenye meza za duara, kila moja na ukuta wake mdogo wa kioo. Msimamizi alipita akihakiki vilemba, akasoma kanuni kwa sauti ya kuimba: kusaidiana na kundi jingine ni kosa, kuvua kilemba kabla ya jawabu kutulia ni kulivunja kundi, na kundi likivunjika hakuna marekebisho.

Swali lilipofunguka, Batuli aliachia pumzi ndefu. Lilikuwa kubwa na la kupendeza: bwawa lenye mito mitatu, mvua isiyotabirika, mji chini yake, fungua milango ipi lini. Mtu angeweza kulipenda swali lile. Aidani alishika kipande chake, na kwa muda mfupi alisahau yote, kwa sababu ndivyo raha ya hesabu ilivyo, inakuosha. Kipande cha Masalu kilikuja kimepangwa kama tofali. Cha Batuli kilikuja kikiwaka. Akarekebisha chake, akakituma, wakamrudishia, akarekebisha tena. Namba kiooni zikaanza kukaribiana.

Upande wa pili wa meza Lusajo alikuwa ametulia. Ametulia kama alivyoahidi, mikono mapajani, macho kwenye dirisha. Aidani alijua hapaswi kumtazama, akamtazama. Usoni kwa rafiki yake kulikuwa na amani kubwa, na amani ile ilikuwa inaongezeka kadiri namba zilivyokaribiana, kana kwamba kuna mtu anazunguka ndani ya nyumba akizima taa, chumba kimoja baada ya kingine. Midomo ilikuwa inacheza kidogo. Aidani akaisoma. Lusajo alikuwa anarudiarudia jina moja, Nsia, Nsia, Nsia, kwa chini chini kiasi cha kutosumbua hesabu, ili angalau hilo lisichukuliwe.

Kisha midomo ikaacha.

Jawabu lilikuwa limebakiza kutikisika kidogo tu. Batuli alikuwa tayari anatabasamu. Aidani alifikiria mafuriko ya Kilwa, na Masalu na ukimya wake, na mama yake mwenyewe ambaye ameshanunua kitenge cha mahafali, na akaona kwamba hata akiyajumlisha yote hayo kwa usahihi wa ajabu kutakuwa na kitu kinachobaki, na kwamba kitu hicho kimekaa mbele yake kimevaa sweta la kijivu.

Alishika kilemba chake kwa mikono miwili, akakivua.

Kioo kilizimika. Batuli alifumbua macho, akatazama kioo, akamtazama Aidani. Angemtukana ingekuwa afadhali. Msimamizi alikuja na uso wa mtu anayekuta ajali. Masalu aliinama akaweka paji la uso mezani, taratibu, kama anaweka mzigo.

*

Chuo hakikuwafukuza. Kiliwafanyia jambo ambalo wengi waliona ni kudisko kwa adabu: sapu ya karatasi. Kwa kanuni ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, mtahiniwa ambaye kundi lake limevunjika hurudia mtihani peke yake, kwa kalamu, bila kilemba, bila kichwa cha jirani. Malalamiko ya Aidani yalikwenda kamati, kamati ikayasoma, ikaomba yaandikwe upya kwa nakala zaidi.

Batuli aliacha kumsalimia. Alimtumia ujumbe mmoja tu, kwamba yeye atafaulu hata wakimpa mkaa aandike ukutani, kwamba kituo cha mvua kimempa nafasi yake mtu mwingine, na kwamba mvua za mwaka huu haziwezi kusubiri Aidani atulie na dhamiri yake. Aidani aliusoma ujumbe huo mara nyingi akitafuta mahali alipokosea Batuli. Hakupapata. Masalu alikuwa anamsalimia, lakini alikuwa anamsalimia kama mtu unayemdai radhi na hutaki kuonekana unadai.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Lusajo.

Kichwa chake kilipopumzika, baadhi ya vitu vilirudi. Ubeti wa pili ulirudi wenyewe akiwa anaoga. Kuhusu Dada Nsia, mengine yalirudi na mengine ilibidi dada mwenyewe amsimulie upya kwa simu, na kuna mengine ambayo alimsimulia akayasikiliza kama habari za jirani. Lakini hasira alikuwa nayo kamili, haikupungua hata chembe. Alihamisha kitanda chake upande wa pili wa chumba, jambo ambalo kwa udogo wa chumba kile lilikuwa ni kukisogeza kwa shubiri.

"Nilikwambia kichwa ni changu," alisema, siku alipoamua kusema.

"Ndiyo."

"Ukakiamulia."

"Nilivua cha kwangu."

"Usinifanyie ujanja wa maneno, Aidani, sijasahau ulivyo." Lusajo alimgeukia. "Mimi ndiye niliyekwisha, si ninyi. Ninyi mkipewa karatasi mtaandika. Mimi nitaandika jina. Jina ndicho kitu pekee nilichowahi kuandika kwenye hesabu."

Aidani alikwenda mezani. Alivuta stuli, akafuta meza kwa kiganja, akaweka karatasi na kalamu. Akachora ghala.

"Ulitaka kujua kwa nini kona ya kaskazini inapoa kwanza," alisema.

Lusajo alikaa kitandani muda mrefu. Kisha akaja, bila kumwangalia, akakaa.

Ilikuwa kazi ngumu na ya kuudhi. Aidani alikuwa hajawahi kumfundisha mtu, alikuwa ameshawahi tu kujua mbele ya watu, na hivyo ni vitu viwili. Aliruka hatua. Alisema "ni wazi kwamba" mahali ambapo hapakuwa wazi hata kidogo. Alieleza joto linavyosafiri kutoka kiazi hadi kiazi, Lusajo akaitikia, na alipoulizwa akawa hana hata neno moja. Akaeleza tena. Akaeleza kwa njia nyingine, halafu kwa njia ya tatu ambayo ilikuwa ile ya kwanza kwa sauti kubwa. Akatupa kalamu. Lusajo akaiokota, akaiweka mezani pale pale ilipokuwa. Chai ilipoa. Nje watu wa kundi la jirani walikuwa wanapita wakiimba, wameshafaulu.

Zikapita siku za namna hiyo, na hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba zinakwenda mahali popote. Sapu ilikuwa inakaribia. Aidani mwenyewe alikuwa hajagusa masomo yake, na wakati mwingine alizihesabu siku zilizobaki kwa hasira, tena kwa kunong'ona.

Alasiri moja Lusajo alivuta karatasi upande wake. Akaandika mlinganyo wa ukuta wa kaskazini bila kuambiwa. Akaandika mstari wa chini yake, polepole, akiikandamiza kalamu kama anayechonga. Akaandika mwingine. Mwishoni akapigia mstari jibu, akalisukumia kwa Aidani, akakunja mikono.

Ghala lilikuwa linazidi kupata joto kutoka kwenye baridi ya nje. Mahali fulani katikati alama ilikuwa imegeuka. Aidani aliliona kosa mara moja, likiwa limekaa mstari wa nne bila aibu. Halikuwa mabaki ya Batuli wala ya Masalu wala ya kwake.

"Nimekosea?" Lusajo aliuliza.

"Umekosea."

"Wapi?"

Aidani alinyoosha kidole. Kabla hakijafika kwenye karatasi, Lusajo alikishika, akakirudisha.

"Usiniambie," alisema. "Nitalitafuta."

Akainama juu ya karatasi, uso wote umekunjamana kwa kufikiri. Ikabidi Aidani akalie mikono yake, isije ikanyoosha kidole tena.